Ukuta Unaopitika

Foleni ya kujaribu gemu jipya la kompyuta ilifika hadi mlangoni pa jengo la maduka, na wote walikuwa wakimsubiri mwanamke mmoja mwenye gauni la manjano na raba nyeupe amalize zamu yake. Wengine walicheza gemu kwa kukimbia na kuruka. Yeye alimtembeza mhusika wake kando ya ukuta, hatua kwa hatua, akiugusagusa.

"Dada, mchezo uko huku katikati," alisema Fundi, mwanamume aliyeliunda gemu lenyewe.

"Na tundu liko huku."

Mhusika akazama ukutani, akaanguka gizani, kompyuta ikaganda. Watu wakaangua kicheko. Fundi hakucheka, maana kwa mwanamke huyo alikuwa amekwisha.

"Naomba namba yako."

"Ya nini?"

"Kazi."

"Kazi tu?"

"Tuanze na kazi."

Studio ilikuwa ya dada yake Fundi, wa kwanza nchini kutengeneza magemu. Alianzia sebuleni kwa marehemu baba yao. Sasa alikuwa na ghorofa nzima. Mwanamke wa gauni la manjano alipoingia kazini kama Mkaguzi, wa kutafuta kasoro za magemu, dada mtu alimpa sheria moja.

"Ukikuta tundu, usipite. Andika ripoti kwanza. Ukipita, kompyuta inaganda na ushahidi unapotea. Umenielewa, wifi?"

"Wifi tena?"

"Nina macho, mwenzangu."

Mwaka ule mambo yalinoga. Gemu lao la nyumba yenye vyumba mia lilichezwa saluni, vyuoni, hata kwenye foleni za benki. Fundi alikuwa akimpigia simu Mkaguzi kutoka meza ya nne.

"Mpenzi, umekula?"

"Nakuona, Fundi. Si ugeuke tu?"

"Nikigeuka sitafanya kazi tena leo."

Kisha wakaja wageni wa suti. Hawakumsalimu mtu. Walikalia viti kimoja kimoja, wakavibonyeza, wakaondoka. Kesho yake mashine ya kahawa haikuwepo. Dada mtu akaanza kufunga mlango wa ofisi yake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Kila Jumatatu meza moja ilikutwa tupu, na hakuna aliyeuliza, kwa kuogopa kuonekana.

Siku hizo za hofu ndipo Fundi alipojenga ndani ya gemu chumba cha mia na moja, nyuma ya ukuta wa ukumbi wa tatu, akauacha ukuta upitike. Hakumwambia mtu. Alijua ni nani atakayeugusa.

Jumatano ripoti ya Mkaguzi ikaja: "Ukuta wa ukumbi wa tatu unapitika. Haufai. Uzibwe leo."

Fundi aliisoma mara tatu. Akauziba kwa mkono wake mwenyewe. Ijumaa, wale wa suti, ambao sasa walikuwa wameinunua studio, walipouliza nani atahamia kwao ng'ambo, akatia saini mkataba wa miaka miwili.

Simu zikakoma. Mkaguzi akapiga yeye.

"Fundi, nimekukosea nini?"

"Hujanikosea. Nimeelewa."

"Umeelewa nini?"

Fundi akakata. Mkaguzi naye akajawa na kiburi, hakupiga tena. Ningekuwepo ningewagonganisha vichwa.

Ikafika siku ya mwisho. Wanunuzi wangezizima seva, mashine zilizoendesha gemu, saa nne asubuhi. Ofisini zilibaki kompyuta mbili, na sanduku la Fundi lilikuwa karibu na lifti. Dada mtu alivaa suti ileile aliyofungulia studio, macho yamemvimba.

"Wifi, unamwacha aende hivihivi?"

"Yeye ndiye aliyeniacha."

"Mimi?" Fundi akageuka. "Nilikuomba nikuoe, ukajibu uzibwe leo!"

"Uliniomba wapi?"

"Nyuma ya ukuta!"

"Sikupita."

"Siku ya kwanza ulipita!"

"Siku ya kwanza sikuwa mfanyakazi. Hapa nimekatazwa kupita, Fundi. Kwanza naandika."

Dada mtu akakaa sakafuni, kwa kuwa viti vilishachukuliwa. Sheria ilikuwa yake.

Zilibaki dakika sita. Fundi aliufungua ukuta. Mkaguzi akamtembeza mhusika wake polepole, akigusagusa kama kawaida yake.

"Harakisha, mpenzi."

"Usinifundishe kazi."

Akapita. Kilikuwa chumba kidogo, na gauni la manjano limetundikwa kwenye msumari. Palikuwa na vikombe viwili mezani na maandishi ukutani. Akamsogeza mhusika ili ayasome. Kioo kikawa cheusi, na nyumba nzima ikafa na vyumba vyake vyote.

"Umewahi kuyasoma?" Fundi aliuliza.

"Hapana. Sema kwa mdomo."

Akayasema, neno kwa neno. Chini barabarani teksi ya kumpeleka uwanja wa ndege ikapiga honi.

"Ndiyo," alijibu Mkaguzi, machozi yakimtoka. "Ndiyo, mjinga wewe. Mkataba unavunjika?"

Fundi akamtazama dada yake. Dada mtu akatikisa kichwa: hauvunjiki.

"Basi utanipigia kila siku. Na nikinyamaza, uniulize."

"Nitakuuliza."

Honi ikalia tena. Wakakumbatiana mpaka mlango wa lifti ukajifunga na kufunguka mara mbili. Kisha sanduku likaingia, na Fundi akaingia nalo.

Mkaguzi alibaki akisikiliza lifti ikishuka. Halafu akaanza kutembea kando ya ukuta wa ofisi ile tupu, hatua kwa hatua, akiugusagusa.