Bampa la Pijo 404

"Harusi imepita Kabezi," sauti ikasema kwenye simu.

"Na bibi harusi?" akauliza mwanamke aliyeitwa Sikujua.

"Iko ndani ya buti. Bado inapumua."

Msemaji alikuwa Abdulhamid, mkuu wa kitengo. Hakuwa mtu wa salamu.

Bibi harusi aliyetajwa alikuwa na ndevu na uzito wa kilo themanini. Jina lake Mbaraka, jasusi mwenzake Sikujua. Jana yake, katika gereji moja ya Buyenzi, Mbaraka alikwaruza kwa ukucha bampa la nyuma la Pijo 404 ya zamani. Chini ya rangi ya fedha akaona njano.

Dhahabu.

Alituma ujumbe wa neno hilo moja, lakini hakuwahi kupiga simu. Fundi mmoja aliona wakimpiga kichwani na kumtia ndani ya buti. Pale gerejini kilibaki kiatu chake kimoja, cha kushoto. Sasa kiatu hicho kilikuwa ndani ya mfuko wa Sikujua, na Sikujua alikuwa juu ya baiskeli, chini ya mlima wa mwisho kabla ya Rumonge.

Mwenye Pijo alikuwa Gaspard, mgeni aliyejiita mpenzi wa magari ya kale. Aliivuta kwa kamba nyuma ya Hilux kutoka Bujumbura. Bandarini Rumonge ilisubiri boti ya kwenda Kongo. Na kwa kuwa esanse, yaani petroli, ilikuwa imekauka nchi nzima, gari la kuvutwa halikumshangaza askari yeyote.

"Polisi wawasimamishe," Sikujua akasema.

"Haiwezekani. Usukani wa Pijo umeshikwa na Olivier. Ana Makarov. Wakisimamishwa, anapiga risasi kupitia kiti cha nyuma. Unajua nini iko nyuma ya kiti."

"Buti."

"Wakifika kwenye boti, Mbaraka anaishia ziwani. Umutoe gari likitembea."

"Na droni yetu?"

Abdulhamid akakohoa kwa heshima.

"Inachajiwa."

Simu ikakatika.

Sikujua alibaki na ufunguo mmoja wa buti, uliochongwa na fundi yule wa Buyenzi, na mpira.

Mpira ule kila mwendesha baiskeli wa pale anao: kipande cha tyubu kilichofungwa kwenye usukani, chenye ndoano mwishoni. Gari likipanda mlima polepole, unatia ndoano nyuma yake, unavutwa bure hadi kileleni. Gaspard alikuwa amepanga kila kitu: boti, rangi, kamba, bunduki.

Mlima hakuupanga.

Hilux nyeupe ikatokea. Ikashuka gia. Kamba ikakaza. Pijo ya buluu ikafuata kwa mwendo wa mtu anayekwenda msikitini akijua amewahi.

Sikujua akakanyaga pedali. Ndoano yake ikauma bampa.

Ndoano nyingine sita, za waendesha baiskeli waliokuwa wakingoja hapo, zikauma pia.

"We dada, hapo iko nafasi yangu," akasema mwanamume wa kulia kwake. Wenzake walimwita Ntakirutimana. Nyuma yake alibeba mnara wa bido, madumu matupu ya mafuta ya mawese.

"Imeandikwa namba ya plake yako?"

"Mwanamuke anavutwa na gari. Bwana yako iko wapi?"

"Kwenye hii buti."

Wote sita wakacheka.

Buti ikagongwa mara tatu, kutoka ndani.

Wakaacha kucheka.

"Kuna mutu humu?" Ntakirutimana akanong'ona.

"Kuna mutu. Na dereva iko na bunduki. Nizibie kioo chake."

Hakuuliza tena. Akajisogeza katikati, kifua mbele na bido nyuma, mpaka kioo cha nyuma cha Pijo kikaona yeye tu.

Mbele, Gaspard akapiga honi ya hasira. Waendesha baiskeli wakampungia mikono.

Sikujua akatia ufunguo. Ukakwama. Akauzungusha tena. Ukakwama tena. Kilele kilikuwa kinakaribia, na kwenye mteremko Hilux ingekimbia mpaka bandarini.

"Leta," Ntakirutimana akasema. Akapangusa kwa kidole mabaki kwenye mdomo wa bido, akapaka ufunguo mawese mekundu.

Ufunguo ukazunguka.

Kifuniko kikainuka kidogo. Uso wa Mbaraka ukatokea, umejaa vumbi na lawama.

"Umechelewa."

"Miguu kwanza. Kaa nyuma yangu."

Sikujua akakata kwa kisu kamba iliyofunga mikono ya Mbaraka. Mbaraka akajiviringisha, akaangukia kiti cha nyuma cha baiskeli, ikayumba. Sikujua akang'oa ndoano.

Kifuniko cha buti kikaruka juu chote.

Olivier akageuka. Akaona. Akapiga yowe kwenye simu.

Gaspard akakanyaga mafuta. Hilux ikaruka mbele, Pijo ikavutwa kwa nguvu, na ndoano sita zikabaki zimeuma. Chuma kingevumilia. Dhahabu ni laini. Bampa likalia, likapinda, likang'oka, likalala katikati ya lami.

Mkono wenye Makarov ukatoka dirishani.

Sikujua hakuwa na pa kujificha. Alimziba Mbaraka kwa mwili wake, basi.

Risasi ikalia. Bido moja ikatoboka.

Lakini Pijo ilikuwa imevuka kilele. Gari la kuvutwa, kwenye mteremko, linataka mikono miwili na mguu kwenye breki, na Olivier alikuwa ameutoa mkono mmoja kwa ajili ya bunduki. Kamba ikalegea. Pijo ikaigonga Hilux kwa nyuma, kishindo, na zote mbili zikaingia kwenye shamba la muhogo.

Polisi waliokuwa wakingoja chini ya mlima walianza kupanda kuwakamata.

Simu ikatetemeka.

"Ripoti," Abdulhamid akasema.

"Bibi harusi iko inje."

"Na mahari?"

Sikujua akatazama nyuma. Ntakirutimana alikuwa amelifunga lile bampa la dhahabu juu ya bido zake, kama chuma chakavu, akilibishania na wenzake.

"Iko juu ya velo, baiskeli ya mubeba bido. Mwenye velo mumupe murakoze, asante, mbele ya watu."

Akakata simu. Mbaraka aliutazama mteremko mrefu hadi Rumonge, ziwa likimeta pembeni.

"Hii velo iko na breki?"

"Haina."

"Sasa?"

Sikujua akatia mkono mfukoni, akampa kiatu cha kushoto.

"Kanyaga tairi."

Mbaraka akakivaa. Wakashuka, kiatu kikinguruma juu ya mpira, na Sikujua hakugeuka nyuma hata mara moja.