Namba Isiyorudiwa

"Moja nukta nne mbili!"

Nukta akaondoa jicho kwenye darubini ya kupimia ardhi, akasubiri. Nyuma yake Kibonge, mwanafunzi mwenzake, alikuwa amekaa juu ya jiwe, daftari mapajani, anachonga penseli.

"Mbona hurudii?"

"Nirudie nini? Nimesikia, mimi si kiziwi."

"Mpimaji akisoma, mwandishi anarudia. Namba isiyorudiwa haiandikwi."

"Haya, bibi mkubwa. Moja nukta mbili nne."

"Nne mbili!"

"Si hizohizo? Zimebadilishana viti tu."

Siku nyingine Nukta angecheka. Siku hiyo alijifunika uso kwa kofia. Ilikuwa mara yake ya kwanza kupima bila Ngongoti, mpenzi wake, kijana mrefu hata milango ya chuo ilikuwa ikimsujudisha. Miaka miwili kijana huyo alirudia kila namba aliyoisoma Nukta. Yeye ndiye aliyempa jina la Nukta. Alhamisi ya wiki iliyotangulia alishikwa na homa, Ijumaa akalazwa, Jumapili wakamzika.

Jioni Nukta alikwenda ofisini kwa mwalimu wa upimaji kuchukua fomu ya kuhamia chuo kingine. Akaijaza palepale.

"Chuo hicho hakina hata darubini za kutosha," mwalimu alisema.

"Sitafuti darubini, mwalimu. Natafuta mahali ambapo nikigeuka simtafuti."

"Na hapa kwenye sababu ya kuhama, mbona hujaandika kitu?"

"Sababu unaijua."

"Mimi naijua, mwanangu. Fomu haiijui. Nenda ukafikiri, uniletee Alhamisi."

Alhamisi asubuhi simu ya Nukta ikalia, ujumbe umeingia: "Mwanangu, ni mama yake Ngongoti, maana nasikia ndivyo mlivyomwita. Nimefuata vitu vyake. Niko hapa kwa mlinzi. Njoo unisaidie, peke yangu siwezi."

Wakafungasha pamoja chumbani kwa Ngongoti bwenini, mama akikunja, Nukta akipanga. Mama akainua jozi ya viatu, akaviangalia kwa muda mrefu.

"Hivi navyo anarithi nani? Ukoo mzima hauna mguu wa mtumbwi kama huu."

Wakacheka, na kicheko kikaishia kwenye kilio.

Chini ya godoro walikuta daftari la vipimo.

"Nisomee," mama alisema. "Macho yangu siku hizi ni maji matupu."

Nukta akafungua ukurasa wa mwisho, wa Jumatano, siku moja kabla ya homa. Namba zilikuwa zimepangwa vizuri, na pembeni, kwenye maelezo, "kona ya ukuta", "mlango wa karakana". Alipofika mstari wa mwisho akaufunika kwa kidole.

"Soma tu, mwanangu."

"'Nimemwomba tuoane. Amesema rudia ukiwa na akili timamu. Nitarudia Ijumaa.'"

"Ijumaa ipi?"

"Ile aliyolazwa, mama."

"Kwa nini ulimwambia arudie?"

"Nilikuwa namtania. Moyoni nilishakubali. Nilitaka tu kulisikia ombi lake mara ya pili."

Mama akamaliza kukunja shati, akalikunjua, akalikunja tena.

"Angerudia, ungesemaje?"

"Ningesema ndiyo."

"Ndiyo," mama akasema, polepole.

Nukta akamtazama.

"Unashangaa nini? Tangu aanze hiki chuo chenu, nikimtuma chumvi anajibu, 'Chumvi.' Akiniambia kitu nami nisiporudia, haondoki mlangoni. Nimekusikia, mkwe wangu."

Nukta alilia mpaka mto wa Ngongoti ukalowa. Alipotulia, akatoa ile fomu mfukoni.

"Mama, nataka kuhama."

"Kumkimbia?"

Nukta akaikunja fomu mara mbili.

"Mimi nimehama chumba, nikalala sebuleni, yupo. Nikaenda kwa dada yangu, nikamkuta kanitangulia. Kama chuo hicho ni kizuri, nenda. Kama ni kwa ajili ya mwanangu, utabeba begi na yeye ndani."

Wakatoa mizigo hadi getini. Mama alichukua viatu, shati na godoro. Daftari akalirudisha mikononi mwa Nukta.

Fomu imo ndani ya daftari hilo, sehemu ya sababu haijajazwa. Nukta hakuhama. Kipindi cha upimaji ni Jumatatu na Jumatano. Yeye anasoma, Kibonge anarudia. Kibonge bado anakosea, kwa hiyo Nukta husema kila namba mara mbili.