Sarafu Iliyobanwa kwenye Jiriwa

Saa nne asubuhi. Chumba cha nyuma cha gereji, mlango umefungwa. Bosi aliieleza kazi mara moja tu. Kwenye duka la sarafu kongwe kuna sinia lililokaa juu ya mzani. Ukitoa sarafu bila kuweka nyingine ya uzito uleule, king'ora kinalia. Ya kuweka walikuwa nayo moja. Kwa hiyo wangechagua mara moja, bila kukosea.

Lenzi alinyoosha mkono apokee kioo cha kukuzia chenye kamba. Miaka kumi na miwili yeye ndiye aliyekuwa jicho la genge. Badala yake Bosi akamvisha shemeji yake mwenyewe.

"Leo atachagua huyu. Wewe utabadilisha."

Lenzi akaurudisha mkono mfukoni kwa wivu. Garini akakuta hata kiti chake cha mbele kimekaliwa.

Saa sita kamili, dukani. Bosi alimvuta mwenye duka chumba cha pili kwa maswali. Kwenye sinia, sarafu mbili zilifanana. Kila moja ilikuwa na kichwa kilichotokeza upande mmoja, na upande wa pili kichwa kilekile kimebonyea, kimegeuka kama kwenye kioo. Moja, ile ya thamani waliyoifuata, ilikosewa kiwandani, sarafu iliyoitangulia ilipong'ang'ania kwenye mashine ikaichapa. Nyingine ilikuwa bandia: fundi fulani aliibana pamoja na sarafu ya kawaida kwenye jiriwa, kile kibanio cha chuma cha mafundi. Lenzi aliijua ile bandia kwa kuitupia jicho tu: kichwa kilichotokeza kilikuwa kimelala, pua imesagwa na chuma.

Shemeji aligusa hiyohiyo. "Hii. Au unaonaje, kaka?"

Kutikisa kichwa kukataa kungetosha kumzuia. Lenzi akaibadilisha kimya, roho yake kwatu.

Saa saba na robo, gereji. Mnunuzi aliyeiagiza aliikagua, akaisukuma mezani, akaondoka bila kuaga. Shemeji alilowa jasho. Lenzi alishindwa kujizuia.

"Pua imesagika. Kosa la kiwandani halisagi upande wa pili. Mimi niliiona palepale dukani."

Bosi aligeuka kumtazama. Ndipo Lenzi aliposikia alichokisema.

"Palepale," Bosi alisema taratibu. "Ukanyamaza."

Saa nane kasorobo. Gari lilisimama mbele ya duka. Mwenye duka, aliyekwisha kugundua wizi, alikuwa mlangoni na polisi wawili. Bosi alimtia Lenzi ile sarafu mfukoni.

"Wanamtaka mwizi, watampata. Ukinitaja, kwako napajua."

Akamsukuma nje, akapiga honi ndefu. Mwenye duka akamnyooshea Lenzi kidole. Polisi walikuja mbio, lakini Lenzi hakuwatazama. Alilitazama gari likikata kona, na shemeji kwenye kiti cha mbele, kioo kikimning'inia shingoni.