Ulishukia Wapi, Mbuvi?

Pakiti ya unga wa mahindi ilikuwa imebaki moja katika duka la Waafrika pale Bankstown, ughaibuni, Jumamosi, watu wamejazana, na mikono miwili ikaidaka pamoja. Mmoja ulikuwa wa Katungu, Mkongo mwenye kitenge cha njano na kucha nyekundu. Wa pili ulikuwa wa Mbuvi, nesi wa Kikenya, mrefu, shati limenyooshwa pasi utadhani anakwenda kuposa.

“Chukua wewe, mrembo,” Mbuvi alisema. “Lakini ugali tukule pamoja.”

“Kwetu ni bugali. Na sikujui.”

“Utanijua tu.”

Akamjua, akampenda, ila kwa tahadhari. Patient, mchumba wake wa zamani, aliwahi kumwambia yuko Brisbane kumbe yuko Granville, mtaa wa jirani tu, kwa mwanamke mwingine. Aibu ile ilimfanya Katungu asimtaje Mbuvi kabisa kwa mama yake aliyebaki Kampala, walikokuwa wakimbizi.

Kwa hiyo Mbuvi alipoaga kwamba anakwenda Nairobi kumsalimia dada yake, Katungu alimbusu uwanja wa ndege, kisha akaanza kupekua simu. Kilomita zaidi ya elfu kumi na mbili, na ndege ya moja kwa moja hakuna. Ukijumlisha na kungoja Doha, ni safari ya siku nzima, basi. Siku ikapita. Ya pili ilikuwa inakwisha ndipo Mbuvi akapiga.

“Sweetie, ndio nimeland Nairobi. Aki nimechoka.”

“Njia ni ya siku moja, wewe umetumia mbili. Ulishukia wapi?”

“Ndege ilidelay, babe.”

“Niliangalia kwa internet. Ilifika jana.”

Nyuma ya Mbuvi mwanamke alicheka, akasema jambo kwa Kiganda.

“Nairobi wanasema Kiganda tangu lini?”

“Nitakuexplain, mpenzi. Nipe leo tu.”

“Patient pia alikuwa anasema hivyo,” Katungu alisema, akakata.

Kesho yake alikwenda kazini kwenye nyumba ya kutunzia wazee, macho yamevimba. Alipopata mapumziko aliandika ujumbe mfupi wa kumwacha. Kabla hajautuma, mama yake akapiga.

“Katungu, mtoto yangu, kuko Mkenya moja hapa kwangu na mbuzi tatu. Nimemwambia sinunui mbuzi, anakataa kutoka.”

“Mkenya gani?”

“Murefu, amevaa suti na hii joto yote. Anasema kwao Ukambani, mwanaume akitaka binti analeta mbuzi tatu. Nikamuuliza, wazee wako wako wapi? Kwetu hakuna mutu anakuja na mbuzi peke yake kama mchuuzi. Sasa ametaja jina yako.”

Sauti ya Mbuvi ikasikika kwa mbali. “Babe, nilishuka Nairobi nikapanda basi hadi Kampala. Yule mwanamke alikuwa ananiuzia mbuzi. Nilitaka Mama akinikataa, usijue, usiumie.”

“Ulinidanganya.”

“Nilikudanganya. Nisamehe.”

Hasira ya Katungu haikuisha, lakini furaha ilimjaa mpaka akaketi. Naye alikuwa amemficha mtu huyu miezi yote hii.

“Katungu,” mama yake alisema, “ninakuuliza wewe. Unamjua?”

Akaufuta ule ujumbe.

“Ninamjua, Mama. Mbuzi bakia nazo. Yeye unirudishie.”