Sifuri Nukta Kumi na Tisa

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Nilufa alimvurugia bibi yake wali wa jana uliolowekwa majini, kwa chumvi, kitunguu na pilipili. Bibi Jobeda hakuweza kuvuruga mwenyewe. Viganja vyake vilikuwa na vigaga vigumu vilivyopasuka, na pilipili ilimchoma kama moto. Hiyo ilikuwa kazi ya kisima cha zamani. Maji yake yalikuwa maangavu na matamu, lakini yalibeba aseniki, sumu ya ardhini isiyo na rangi wala harufu. Babu aliyanywa maisha yake yote, akafa kwa saratani. Pampu ikapakwa rangi nyekundu ya hatari.

Mwaka huo Motaleb, baba mdogo wa Nilufa, alichimba kisima kingine uani. Klabu ya sayansi ya shule ikayapeleka maji maabara mjini Chandpur, kama ilivyofanya kwa visima vingine mwaka uliotangulia. Majibu yalipofika kwenye kompyuta ya shule, Mwalimu Shamsunnahar alikuwa mgonjwa. Nilufa na Ratan, mwenzake wa klabu ya sayansi, wakafungua programu wenyewe.

"0.19!" Nilufa aliruka. "Kisima chetu! Vile vibovu vya mwaka jana vilikuwa 90, vingine 200. Hiki hata moja hakijafika!"

Ratan alisogeza uso kwenye kioo. "Mwaka jana juu ya safu palikuwa na alama kama u yenye mkia. Sasa pameandikwa mg L⁻¹. Tumsubiri mwalimu."

"Wewe unaogopa hata mkia wa herufi! Namba ni namba."

Siku hiyohiyo Motaleb alipaka pampu rangi ya kijani ya usalama. Bibi alikunywa wa kwanza, akamshika Nilufa kichwani. "Mungu akubariki, mama." Majirani wakaja na mitungi. Kohinoor, mke wa jirani, ambaye alikuwa mjamzito, alikuja kila siku.

Mwalimu aliporudi baada ya wiki kadhaa, alitazama kompyuta, kisha akamwita Nilufa.

"Nani alisema kisima hiki ni salama?"

"Mimi, mwalimu."

"Alama yenye mkia ni mikrogramu. Hii mg ni miligramu, na miligramu moja ni mikrogramu elfu moja. L yenye kutoa moja juu yake maana yake ni kwa kila lita. Haya, piga hesabu."

Nilufa alizidisha kwa elfu moja. "Mia moja na tisini."

"Na mwisho unaoruhusiwa?"

"Hamsini."

Alikimbia hadi nyumbani. Kohinoor alikuwa akipampu maji.

"Shangazi, yamwage!"

"Niyamwage? Si wewe uliyesema ni safi?"

"Nilikosea kusoma."

Kohinoor alitazama mtungi, akatazama tumbo lake. Aliyamwaga maji, akaondoka. Mtazamo huo ulimuuma Nilufa kuliko kofi.

"Msomi wetu!" Motaleb alisema kwa uchungu. Bibi Jobeda alikaa kibarazani, viganja vimefunguka mapajani. "Mwache mtoto," alisema, lakini machozi yalikuwa yakimtoka.

Kesho yake mwalimu alikuja na mganga wa zahanati. Mganga alisema kwamba waliokunywa kwa muda mfupi, wakiacha sasa, miili yao itaitoa sumu hiyo polepole. Kohinoor aende kliniki akapimwe. Maji ya kunywa yachotwe kwenye kisima kirefu cha madrasa kisicho na aseniki, ng'ambo ya mashamba ya mpunga. Motaleb akachukua tena kopo la rangi nyekundu. Nilufa akapita nyumba hadi nyumba na mwalimu, akisema kwa kinywa chake mwenyewe kwamba alikosea. Wengine walimsikiliza. Wengine walifunga mlango.

Njiani kurudi alilia. "Mwalimu, nilitaka tu Bibi apate maji. Ratan alitaka tukuulize, nikamcheka."

"Najua," alisema Mwalimu Shamsunnahar. "Ndiyo maana ulisoma ulichokitamani, ukaacha kusoma kilichoandikwa. Namba bila kipimo chake haisemi kitu, Nilufa. Na mwenzako alipouliza, ulimcheka. Asiyejua akauliza hajamdhuru mtu."

Nilufa alifuta uso, akaenda kubisha mlango wa Kohinoor kumwomba msamaha.