Vifungo Vinne vya Koti

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, kazi yangu ilikuwa kufagia nyuzi na vipande vya vitambaa chini ya cherehani ya shangazi. Nilifagia polepole, macho yakitangulia mbele ya fagio. Mtu angedhani ni bidii. Ukweli ni kwamba nilikuwa naangalia kama kuna kifungo kilichoanguka. Nikikiona, niliacha fagio hapohapo na kuita, "Shangazi!" Naye alikuja bila kuuliza, akainama huku ameshika kiuno, akakiokota na kukitia ndani ya kopo lake la maziwa ya unga, kisha akalifunika. Ndipo nilipoendelea na kazi.

Nilikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, na niliogopa vifungo vya nguo.

Najua kuna atakayecheka. Nyoka anaogopwa, mbwa mkali anaogopwa, lakini kifungo kina meno gani? Nilijiuliza hivyo mara nyingi, na mwili wangu haukusikia. Nikiona kifungo, hasa kilicholegea na kuning'inia kwa uzi, viganja vilitoa jasho na moyo ulienda mbio. Bibi alipokuja kututembelea na sweta yake ya vifungo vikubwa vya kahawia, nilimwamkia kutoka mlangoni. "Mtoto huyu ananiringia," alilalamika. Sikuwa naringa. Nilitamani sana anikumbatie.

Shangazi, aliyenilea tangu nikiwa mdogo, alinishonea shati la shule lenye zipu. Vifungo vya wateja alivipachika nikiwa shuleni. Hatukuwahi kulizungumzia jambo hilo. Shuleni waliniita Zipu, nami nikaitika, nikaona mambo yameisha.

Hayakuisha. Muhula wa pili mwalimu wa sayansi alitangaza mashindano ya maswali baina ya shule. Kila shule ingepeleka wanafunzi wawili, na sisi tulichaguliwa: mimi na rafiki yangu Redio, aliyepewa jina hilo kwa kuwa hakuwahi kuzimwa. Nilifurahi hadi nikashindwa kula mchana. Niliipenda sayansi kuliko kitu chochote.

Kisha mwalimu akaleta makoti ya mashindano. Yalikuwa ya buluu, na kila moja lilikuwa na vifungo vinne vya shaba vinavyong'aa. "Bila koti hili huingii ukumbini," alisema. "Jaribu lako."

Nilirudi nyuma hatua mbili. Maneno yakanitoka kabla sijayafikiria. "Mwalimu, sitaweza kushiriki. Shangazi yangu ni mgonjwa sana. Hawezi hata kusimama. Mimi ndiye ninayemuuguza."

Mwalimu alinionea huruma, na huruma yake ndiyo iliyoniumbua. Kesho yake jioni tulisikia hodi. Alikuwa yeye, pamoja na Redio aliyebeba mfuko wa machungwa. Shangazi alikuwa amesimama juu ya kigoda, jora la kitambaa begani, akiimba.

"Karibuni!" aliwaambia. "Mwalimu, leo umekumbuka kuifuata suruali yako uliyoniletea?"

Mwalimu alimtazama toka juu hadi chini. "Tumekuja kumjulia hali mgonjwa, mama."

"Mgonjwa gani?"

"Wewe," alidakia Redio. "Tuliambiwa huwezi hata kusimama."

Shangazi aliitazama miguu yake juu ya kigoda. "Basi miguu hii haijapata habari," alisema. Akashuka taratibu, akanigeukia. Hakupaza sauti. "Mwanangu, haya. Sema."

Nilisema. Nilisema yote nikiwa nimeinamisha kichwa, hadi nilipofika kwenye koti na vifungo vyake.

Redio aliangua kicheko. "Kifungo? Zipu, yaani kifungo kama hiki?" Akashika kifungo cha shati lake na kunisogezea. Niliruka nyuma, nikagonga ubao wa kupigia pasi, ukaanguka kwa kishindo. Redio akaacha kucheka mara moja. Alikifunika kifungo chake kwa kiganja.

Mwalimu aliusimamisha ubao, akavuta kiti na kuketi. "Kaka yangu hapandi lifti," alisema. "Ofisi yao iko ghorofa ya saba. Kila siku anapanda ngazi, anafika shati limelowa. Mwaka jana alipandishwa cheo, akakataa, kwa sababu ofisi mpya ilikuwa ghorofa ya kumi na tano. Watu wanadhani hana hamu ya maendeleo. Hakuna anayejua ni lifti. Hofu ya namna hii si uoga wa kawaida, na inatibika. Kwenye kituo cha afya kuna mshauri anayeishughulikia."

Shangazi aliketi, akawa anakunja na kukunjua kitambaa mapajani. "Mimi nilidhani namsaidia kwa kuvificha," alisema. "Kumbe nilikuwa namnyima nafasi ya kuvizoea." Kisha akanitazama. "Hofu si kosa lako. Hiyo tutaitafutia dawa pamoja. Lakini uongo ulikuwa wako, na huo utausafisha mwenyewe."

Nilimwomba mwalimu msamaha. Alikubali, akasema koti langu litanisubiri. Zilibaki wiki nne.

Mshauri alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ya taratibu. Nilipoingia chumbani mwake alikuwa amejitanda kitenge juu ya koti lake jeupe, vifungo visionekane. Hapo hapo nikamwamini.

"Wewe si mjinga, wala hujadekezwa," aliniambia. "Akili yako imeweka alama ya hatari mahali pasipo na hatari. Ukikimbia, inasema, 'Unaona? Nilikuwa sahihi.' Ukibaki, hofu itapanda, itapanda, halafu itashuka yenyewe. Tutakwenda kidogo kidogo. Na hakuna atakayekulazimisha. Umesikia, mama?"

"Nimesikia," shangazi alijibu kando yangu, kama mwanafunzi.

Tulianza na penseli. Siku tatu nzima nilichora duara lenye matundu manne, nikahisi jasho kwa mchoro wangu mwenyewe. Baadaye shangazi akaliweka kopo mezani wakati wa chakula, likiwa limefunikwa. "Leo tuna mgeni," alisema. "Usihangaike kumpakulia, hali." Nilicheka huku nikisogeza kiti changu nyuma.

Siku alipolifunua, nilitoka mbio hadi uani. Hakunifuata. Nilimsikia tu akisema kutoka ndani, "Rudi ukiwa tayari. Havina miguu, haviendi popote." Nilisimama karibu na kamba ya nguo kwa muda mrefu, kisha nikarudi. Sikukaribia meza. Nilisimama mlangoni, moyo ukipiga, nikangoja. Na kweli, kama alivyosema mshauri, hofu ilipanda, ikafika mahali, ikaanza kushuka. Sikuwahi kujua kwamba inashuka. Siku zote nilikuwa nimekwishakimbia.

Wiki ya tatu nilikigusa kimoja kwa ncha ya kidole. Wiki ya nne nilivaa koti kwa dakika tano, kisha kumi, kisha mchana mzima nikifanya mazoezi ya maswali na Redio. Yeye naye alibadilika. Mvulana mmoja alipotupa kifungo juu ya dawati langu, Redio alikiokota na kumwambia, "Chukua kitu chako. Na kuanzia leo jina la Zipu nalitumia mimi peke yangu, wengine mtaomba ruhusa."

Asubuhi ya mashindano shangazi alinivalisha koti, akachomeka sindano yenye uzi wa buluu nyuma ya ukosi. Hiyo ni desturi ya mafundi. Hawamwachi mtu wao atoke na nguo rasmi bila sindano. "Huenda usiihitaji," alisema.

Tulikuwa kwenye ukumbi wa kusubiri, shule moja tu mbele yetu, nilipohisi koti limelegea tumboni. Kifungo cha mwisho cha koti langu kilikatika, kikabingirika sakafuni na kulala kando ya kiatu changu.

"Usiangalie!" Redio alipiga kelele. "Funga macho! Nakiokota mimi!"

"Ngoja," nilisema.

Viganja vilikuwa vimelowa. Sikusonga mbele, wala sikurudi nyuma. Nilihesabu pumzi kumi na moja. Kisha nikainama, nikakiokota. Kilikuwa baridi na kidogo sana mkononi.

"Ni chepesi," nilimwambia Redio. Sijui kwa nini nilishangaa.

Nilichomoa sindano. Nilikuwa nimekulia chini ya cherehani bila kuwahi kushona kifungo hata kimoja, lakini mikono ya shangazi nilikuwa nimeiona tangu utotoni: pitisha mara tatu, vuka, zungusha uzi shingoni mwa kifungo, funga fundo. Walipotuita, nilikata uzi kwa meno.

Tulishika nafasi ya pili, tukapitwa kwa alama mbili. Redio alibeba kikombe cha washindi wa pili njia nzima akimweleza kila tuliyepishana naye. Nyumbani, shangazi hakukitazama kikombe kwanza. Aliinama mbele yangu, akaushika upindo wa koti.

"Hiki nani kakishona?"

"Mimi."

"Kimekaa upande."

"Najua."

"Kiache hivyo hivyo. Mtu asikiguse." Alisimama, akajifuta macho kwa ncha ya khanga. Kisha akatukalisha, mimi na Redio, akatuambia maneno ambayo nayaandika kama alivyoyasema. "Kila mtu ana kitu anachokiogopa, na wengine hofu yao huwafungia milango ya kazi, ya shule, hata ya ndugu zao. Mwenzako akikwambia anaogopa, usimcheke wala usimsukume. Na ukiogopa wewe, usidanganye. Mwambie mtu mzima unayemwamini. Hofu inayosemwa hupata msaada."

Bibi alipokuja tena, nilimkimbilia. Kifungo kimoja cha sweta yake kiliniachia alama shavuni, nami nikaenda kuitazama kwenye kioo.

Sasa shangazi hayupo. Kopo lake la vifungo liko kwangu, juu ya meza, bila mfuniko. Miaka yake ya mwisho, vidole vyake vilipokakamaa visiweze tena kushika kitu kidogo, aliketi ukingoni mwa kitanda kila asubuhi na kuniinulia kidevu. Nami nilimfunga vifungo vya sweta yake, kimoja kimoja, kuanzia chini hadi juu.