Vitu Vitatu vya Ndani

Kikombe cha tatu kilitokea Jumanne, saa kumi jioni, na hakuna aliyekitilia maanani.

Mzee Komeo, fundi kufuli, alikuwa na kawaida ya kumimina chai mwenyewe mara mashine ya kuchonga funguo, iliyokaa sebuleni mwao, ilipozimwa: kikombe chake, na kikombe cha binti yake aliyefanya naye kazi meza moja. Siku hiyo alimimina cha tatu, akakisogeza mpaka mbele ya kiti cha kona.

"Baba, hicho cha nani?"

"Cha mteja. Humwoni? Amekaa tangu mchana."

Binti akatazama. Kiti kilikuwa kitupu, ila kilibeba gazeti la juzi. Akacheka, maana baba yake alikuwa mtu wa mzaha, wa kuweza kumwuliza mteja mnene kama ufunguo ameumeza. Baba hakucheka. Alingoja chai ile ipoe, akaiondoa kwa adabu, akasema chinichini, "Hanywi. Wala hasemi shida yake."

Na huyu hakuwa mtu wa kudanganyika ovyo. Miaka arobaini alikuwa akifungulia watu milango waliyojifungia, kwa sharti moja lililojulikana mtaa mzima: kabla hajagusa kufuli, utaje vitu vitatu vilivyo ndani, vitu ambavyo mwizi hawezi kuvijua. Mlango ukifunguka, anaingia kwanza yeye kuvikagua. Hata mwenye nyumba wake aliwahi kusimamishwa kwenye mvua mpaka akakumbuka rangi ya pazia la chumbani mwake mwenyewe. Mzee Komeo alisema hafungui milango, anafungulia wenye milango.

Baada ya kikombe kile mambo yalikuja kwa zamu. Miguu ilianza kuburuta. Mkono ulitetemeka ukishika kijiko, ingawa ulitulia ukishika kufuli. Pua yake, iliyoweza kutofautisha shaba na chuma, haikusikia tena maziwa yanayoungua hatua tano kutoka alipokaa. Akijilaza mchana alirusha mateke na kumfokea mtu usingizini, jambo ambalo binti alikumbuka kwa baridi moyoni kwamba lilianza miaka mingi nyuma, na walikuwa wakimtania kwalo. Asubuhi moja alifungua sefu iliyowashinda mafundi wawili, akaipiga kofi kama mtoto mtundu, akacheka; saa tisa siku hiyohiyo alisimama katikati ya sebule yake akiuliza ni nani aliyeuhamisha ukuta. Ndipo alipoanza kuongeza makufuli. Jikoni moja, mlango wa mbele mawili, na stoo, ambayo haikuwa na dirisha wala kitu cha kuibwa, akaitilia mlango wa chuma wenye komeo na kufuli kubwa alilolitengeneza kwa mkono wake. Nyumba ya vyumba vitatu ikawa na makufuli kumi na moja, na funguo alizificha mahali alipopasahau yeye mwenyewe.

"Hilo ni jini, mwanangu," shangazi alinong'ona, akichungulia kile kiti cha kona. Alikuwa dada mdogo wa Mzee Komeo, na hakuwahi kunong'ona maishani mwake. "Usilitaje kwa sauti. Litasikia."

"Shangazi, Baba amezeeka tu."

"Kuzeeka ninakujua, ninazeeka kila siku. Kuzeeka hakunywi chai."

Binti alitaka kubisha. Lakini jioni ile baba yake alimkazia macho kwa muda mrefu, akapapasa upande wa uso wake kwa vidole vyenye harufu ya grisi, akasema kwa upole wa kutisha, "Umefanana naye sana."

"Na nani, Baba?"

"Na mwanangu."

Kesho yake shangazi alileta mganga. Alikuja na mkoba na miwani ya kusomea, akakaa karibu na kiti cha kona bila kukikalia, akauliza maswali mengi kuliko binti alivyotarajia. Mgeni huyu huja saa ngapi? Hutukana? Huagiza kitu? Mzee akajibu kwa heshima zote kwamba mteja hajawahi kuagiza kitu, huja tu, hukaa, hutazama mikono yake ikifanya kazi.

Mganga akavua miwani. Akamvuta binti mpaka barazani.

"Majini yote niliyoyatoa yalikuwa na shida zao," alisema kwa sauti ya chini. "Moja lilitaka manukato, jingine lilitaka pete, moja lilitaka kuombwa radhi tu. Hili halitaki kitu. Nikipunge kitu kisichotaka kitu, nikipe nini kiondoke? Mpelekeni hospitali. Na msiniambie mmelikuta ni nini."

Hospitali walikwenda mara tatu. Walimpima damu, wakamtazama tezi ya shingo, wakatafuta upungufu wa vitamini na maambukizi kwenye mkojo, wakakagua dawa zote anazomeza, kwa sababu, daktari alieleza, yako mambo yanayovuruga akili na yakitibiwa akili inarudi. Binti alikaa kwenye benchi akiomba iwe tezi. Hakuwa amewahi kumwombea mtu ugonjwa kama alivyoomba siku hizo.

Haikuwa tezi.

"Watu husema kusahau, kana kwamba ni ugonjwa mmoja," daktari alisema. Alikuwa mama wa makamo, na aliongea bila haraka. "Ni ukoo mzima. Uko unaokula kumbukumbu kidogokidogo, ndio ulioshika wengi. Uko unaotokana na mishipa ya damu ya kichwani kuziba, wa wenye presha na sukari, huo mara nyingi hushuka ngazi kwa ngazi. Uko unaoanzia tabia, mpole akageuka mtukanaji. Wa baba yako unatokana na chembe za protini zinazojikusanya ndani ya ubongo. Huleta wageni wasiokuwepo. Hukaza miguu. Leo mzima, jioni hayupo. Na mateke ya usingizini hutangulia kwa miaka mingi."

"Na mimi kuonekana si mimi?"

"Nalo limo." Daktari akaliandika jina la ugonjwa kwenye karatasi. "Dawa za kupunguza zipo, za kuondoa hazipo. Usimnunulie dawa ya kumtuliza bila kuniuliza, zinaweza kumdhuru. Na usibishane naye. Ukimvuta aje ulipo wewe, ataogopa. Mfuate alipo."

Kwa hiyo jini lilipata jina, na binti alirudi nalo nyumbani likiwa limeandikwa kwenye karatasi. Mteja wa kona hakujali karatasi. Saa kumi alimiminiwa chai yake.

Wiki ya pili, saa tisa mchana, binti alibandika maharage jikoni, akaacha simu mezani, akaingia stoo kuchukua funguo mbichi, zisizo na meno bado, za kuchonga. Alikuwa amechuchumaa alipoona mwanga unapungua. Mlango ulifungwa taratibu, bila hasira. Komeo likapita. Kufuli likaitikia.

"Nimelipata," alisema Mzee Komeo, upande wa pili.

"Baba, ni mimi. Fungua."

"Hata sauti umeiiba." Ile ya kwake ilikuwa inatetemeka. "Mwanangu umempeleka wapi? Mrudishe, nikufungulie. Sitaki kingine. Mrudishe tu."

Aligonga, akaita, akaupiga mlango kwa kiganja na kisha kwa kisigino, na kila alipogonga baba yake alizidi kusadiki, kwa sababu kitu kilichofungiwa gizani na kugonga namna ile, kikilia kwa sauti ya mwanawe, kingekuwa nini kama si jini. Na huko nje jirani alikuwa akichomelea mageti, mashine yake ikinguruma bila kupumzika, wala hapakuwa na mtu wa kusikia isipokuwa yule aliyefunga. Na hapo, ukipenya chini ya mlango, mwembamba kwanza, kisha mzito, ukaja moshi wa maharage yanayoungua, na binti akajua kwamba pua ya baba yake haitausikia mpaka jiko zima liwe moto, na kwamba funguo za kufuli lile hazijulikani zilipo, hata na aliyezificha mwenyewe. Alikuwa anakwenda kufa katika stoo ya kwao, akilindwa na mtu anayempenda kuliko wote duniani.

Akaacha kugonga. Akajifuta uso kwa upindo wa gauni. Mfuate alipo.

"Hodi, fundi," akasema, kwa sauti ya mtu wa kawaida mwenye shida ya kawaida. "Nimejifungia. Ufunguo siuoni."

Miguu ikaburuta kuja.

"Kufuli la namna gani?"

"Kubwa, la kutengenezwa kwa mkono. Aliyelitengeneza ni fundi kwelikweli."

"Basi tutasumbuana," alisema Mzee Komeo, na sauti ilikuwa imepona, sauti ya miaka yote. "Sharti langu unalijua. Nitajie vitu vitatu vya ndani."

Binti akakohoa moshi. "Kuna baiskeli isiyo na gurudumu la mbele."

"Cha pili."

"Debe la funguo za watu ambao hawakurudi kuzichukua."

"Cha tatu."

Akapapasa fremu ya mlango gizani. "Kuna alama za penseli. Urefu wa mtoto, kila mwaka moja. Ya mwisho imeandikwa, 'Basi, amekataa kupimwa.'"

Upande wa pili mtu alivuta pumzi.

"Huyo mtoto namjua," alisema. Na waya ukaingia kwenye kufuli.

Binti alihesabu pini za kufuli kwa mlio, kama alivyofundishwa utotoni. Ya kwanza ikalia. Ya pili. Ya tatu ikateleza, ikaanzwa upya, bila papara, kwa mikono ambayo haikuwa imesahau kitu chochote. Ya nne ilipolia, mwanga ukaingia, na baba yake akampita pale mlangoni kwenda kukagua. Aligusa baiskeli. Alitikisa debe. Alisimama mbele ya zile alama za penseli mpaka binti alipotoka mbio kuzima jiko na kufungua madirisha na kurudi, akamkuta bado amesimama.

"Umesema kweli," alimwambia. "Mlango ni wako. Lakini jihadhari na nyumba hii, mama. Kuna kitu humu kinatembea na sura ya binti yangu."

"Nitajihadhari, fundi."

"Kaa basi upate chai, umeshtuka." Akakigeukia kiti cha kona. "Mpishe mgeni."

Binti akakaa. Kiti kilikuwa na joto.

Mzee Komeo alimimina taratibu. Kimoja chake. Kimoja akakiweka kando ya ukuta, kwa yule mteja aliyepisha kiti. Kimoja akampa mgeni. Cha mwisho alikifunika kwa kisahani, akakisogeza mahali pake, karibu na mashine.

"Hicho cha mwanangu," alisema. "Ametoka kidogo. Hakawii."

"Basi tumsubiri," alisema binti.